Sindano Isizidi Hapo

Nina alama tatu mwilini ambazo sikuzaliwa nazo. Ya kwanza ni kovu la chanjo ya ndui, duara dogo juu ya mkono, nililotiwa nikiwa bado mgongoni mwa mama. Ya pili ni matundu ya masikio, kazi ya shangazi yangu na sindano ya nguo aliyoipitisha kwenye moto wa koroboi. Ya tatu ni herufi K, ama iliyokuwa K, ndani ya mkono wa kushoto. Leo ukiitazama utadhani nimeegemea kalamu iliyovuja. Hiyo nilijitia mwenyewe nikiwa kidato cha pili, bwenini, usiku, kwa mwanga wa tochi, kwa sababu ya mvulana ambaye hata jina la babake nimelisahau.

Baadaye nikawa muuguzi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewachoma watu sindano Nyeri na vijiji vyake, wengine wao mara mbili: wakiwa wachanga, kisha wakiwa wajawazito. Kwa hiyo mjukuu wangu alipotangaza kwamba anataka tatuu begani, na mamake akanipigia simu nimkemee, nilishindwa. Nilimwambia kijana aje anichukue Jumamosi twende pamoja. Mimi nikemee sindano kwa mdomo gani?

Mahali penyewe ni orofa ya pili, juu ya duka la simu, hatua chache kutoka steji ya matatu za Karatina. Ngazi ni nyembamba na zinanuka mafuta ya chipsi. Fundi ni kijana wa Tetu, mikono imejaa michoro mpaka vidoleni, lakini kwa adabu huwezi kumlaumu.

"Karibu shosho," alisema, akaondoa mkoba wake kitini ili nikae. "Ni wewe unachorwa ama ni huyu?"

"Ni huyu. Mimi nimekuja kuona sindano."

Alicheka. Nilipomwambia kuwa nilikuwa sista wa hospitali, kicheko kikaisha, akaenda kunawa mikono tena ingawa nilikuwa nimemwona akinawa dakika mbili kabla.

Nilikuwa nimeamini, kama watu wengi, kwamba sindano ya tatuu inafanya kazi kama zile zangu: ina tundu, na dawa inasukumwa ndani. Sivyo. Sindano ya tatuu haina tundu kabisa. Ni ncha za chuma kizima, wakati mwingine moja tu, mara nyingi fungu la tatu, saba au tisa zilizolehemiwa pamoja kama vijiti vya ufagio. Fundi anapoichovya kwenye wino, wino unang'ang'ania katikati ya ncha hizo jinsi maji yanavyong'ang'ania kwenye meno ya kitana. Ncha zinatoboa, zinatoka, na wino unateleza kuingia kwenye kitundu kabla hakijajifunga. Mashine kazi yake ni kurudia jambo hilo upesi kuliko mkono wa binadamu unavyoweza.

Mashine yenyewe ina ukoo wa kuchekesha. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka saiklostaili, ile mashine ya kuzungusha iliyochapa mitihani ya shule na fomu zetu za kliniki. Kabla yake, mwaka 1876, Mmarekani Thomas Edison alipewa hataza ya kalamu ya umeme: injini ndogo juu ya kalamu, sindano chini yake ikitoboa karatasi mara 50 hivi kwa sekunde. Ukishatoboa maandishi yako, unapitisha wino juu na nakala zinatokea upande wa pili. Ofisini haikudumu. Lakini mchora tatuu wa New York, Samuel O'Reilly, aliiona, akafikiri: kinachotoboa karatasi kitatoboa na ngozi. Tarehe 8 Desemba 1891 akapata hataza ya mashine ya kwanza ya umeme ya kuchora tatuu. Zile za sumaku zilizofuata, zenye koili mbili na kipande cha chuma kinachovutwa na kuachiliwa, ni mpango uleule wa kengele ya mlangoni. Ndiyo maana zinanguruma.

Kijana wa Tetu hakuanza na mashine ya dukani. Alifungua droo akanionyesha ya kwanza aliyojitengenezea: mota ya redio kaseti, mrija wa biro, mpini wa kijiko uliokunjwa, waya wa gitaa ulionolewa ncha, na utepe mweusi wa fundi wa stima umezungushwa kila mahali. Aliiweka mkononi mwangu kama mtu anayekuonyesha picha ya marehemu. Alijifunzia kwenye maganda ya ndizi, kisha kwenye ngozi ya nguruwe aliyoinunua buchari.

"Halafu?"

Akapandisha suruali. Juu ya goti kulikuwa na nyota iliyolala upande, miale yake mitano haifanani hata miwili, na mistari imetanuka kama imechorwa kwenye karatasi ya chooni.

"Hapa nilizama sana," alisema.

Neno hilo, kuzama, lilinirudisha darasani mwaka 1975. Ngozi ya juu kabisa, ile inayobanduka kila siku bila sisi kuona, ni nyembamba kama karatasi; sehemu kubwa ya mwili haifiki robo ya milimita. Chochote ukiwekacho humo kitatoka nayo baada ya wiki chache, na ndiyo sababu hina ya maarusi wa Lamu haidumu. Chini yake kuna ngozi ya pili, yenye mishipa ya damu na mizizi ya nywele. Humo ndimo alama hukaa. Chini zaidi ni mafuta, na wino ukifika huko husambaa kama chai iliyomwagikia kitambaa. Kati ya kukosa kufika na kupitiliza kuna milimita moja, labda mbili. Mwenye kuchanja, mwenye kuchora, mwenye kutoboa, wote wanagombania nafasi hiyo ndogo.

Chukua BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo kila mtoto anayezaliwa Kenya hupewa kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Kipimo cha mtoto mchanga ni mililita 0.05, tone tu. Sindano unailaza karibu sambamba na mkono, jicho lake likitazama juu, unaingiza ncha peke yake. Ukiwa sawa, kiuvimbe cheupe kinainuka chenye vishimo kama ganda la chungwa. Kisipoinuka, umepita chini. Mwalimu wetu alikuwa akisimama nyuma ya kila mwanafunzi, pumzi yake shingoni mwako, na kila ncha ilipogusa ngozi alisema maneno yaleyale: "Isizidi hapo."

Na ndui je? Ile sindano ilikuwa uma mdogo wa meno mawili. Ulichovya kwenye chupa, tone likashikwa katikati ya meno, kisha ukadunga upesi mara 15 ndani ya duara dogo mpaka dalili ya damu itokee. Hiyo, ukiangalia vizuri, ni tatuu isiyo na wino. Tulifundishwa kuegemeza kifundo cha mkono juu ya mkono wa mtoto, ili akiruka mnaruka pamoja na kina kisibadilike. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ugonjwa umekwisha. Sikutarajia kuiona mbinu ile tena. Lakini kijana alipoanza kumchora mjukuu wangu, jambo la kwanza alilofanya ni kuegemeza kifundo chake begani, akaivuta ngozi kwa vidole vya mkono wa kushoto mpaka ikakaza kama ya ngoma.

Kiswahili kilijua undugu huu zamani. Mtoto anapewa chanjo. Mganga anachanja chale. Aliyetiwa urembo wa kabila alichanjwa pia, ama alitojwa, na alama zake ziliitwa tojo au nembo. Nembo! Neno ambalo leo tunalitumia kwa ile ngao na simba wawili kwenye sarafu zetu lilikuwa jina la alama iliyokatwa usoni mwa mtu.

Sisi wa Nyeri hatukuwa watu wa kuchora. Kazi yetu ilikuwa masikio. Cucu yangu, mama yake baba, alizaliwa kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu, na sikio lake moja lilikuwa na historia kuliko kitambulisho changu. Juu, kwenye gegedu, alitobolewa akiwa msichana ili avae ndugira, vile vijiti vyembamba vilivyopangwa pamoja. Alipokuwa mwanamke mzima matundu hayo yalibeba hang'i, pete kubwa za shanga. Chini, ndewe ilitanuliwa kidogo kidogo kwa vipande vya mti, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia, hadi ikaning'inia. Nilikuwa nikilala kwake nikiwa mdogo, nikipitisha kidole changu katika ndewe ile kama pete.

Chombo kilikuwa mwiba. Aliniambia ulichaguliwa mrefu na mkavu, wala si mbichi, kwa kuwa mbichi unapinda katikati ya kazi. Kijiti kilifuata palepale tundu lisizibe, na mafuta ya mbarika yakapakwa kila siku, huku kijiti kikizungushwa asubuhi na jioni. Nilipofika chuo cha uuguzi nilisoma kitu hichohicho kwa lugha ya kitabu: kidonda kikizungukwa na ngozi mpya pande zote hakifungi tena. Kazi za chuma walikuwa nazo wahunzi, ambao walipata chuma chao kwa kuosha mchanga mweusi wa mito na kuuyeyusha kwa mivukuto ya ngozi. Kutoka kwao ndiko kulitoka rwenji, wembe wa Wagikuyu, uliotumika kunyoa kichwa na kukata mengine. W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, waliokaa upande wa Nyeri kuanzia 1906, waliyapiga picha mambo haya na kuyatia katika kitabu cha mwaka 1910. Mapambo ya masikio ya mabibi zetu yamo humo.

Kisha wamishenari wakafika, shule zikafunguliwa, na ndewe ndefu ikawa aibu. Mapema katika kazi yangu nilimshikia daktari trei wakati akimshona mzee mmoja masikio. Ni upasuaji mdogo: unakata ukingo wa tundu ili ngozi mbichi iguse mbichi, kisha nyuzi nne au tano. Mzee hakulalamika hata kidogo. Alipomaliza aliomba kioo, akajitazama muda mrefu, akauliza kama vile vipande vilivyokatwa anaweza kwenda navyo nyumbani.

Kuchora kwenyewe, kukata ngozi kwa mistari, kulikuwa upande wa pili wa Mlima Kenya. Kwa Wameru wasichana walichanjwa tumbo, na alama hizo waliziita ncuru. Zilikuja baada ya kutoboa masikio na kabla ya kukeketwa. Ukeketaji siuandikii hapa. Una jina lake, na tangu 2011 una sheria yake. Lakini ncuru niliishika kwa mikono yangu. Mama mmoja kutoka Tharaka aliletwa wodi ya uzazi akiwa na mimba ya nane, na nilipoweka viganja tumboni mwake kutafuta kichwa cha mtoto nilihisi mistari, safu juu ya safu, kama mishono ya godoro. Mimba ilikuwa imeivuta, lakini nafasi kati ya mstari na mstari ilibaki sawa kila mahali.

"Mama, hii kazi ni ya nani?"

"Ya mwanamke mmoja wa kwetu. Alikuwa na vyombo vyake ndani ya kifuko cha ngozi ya mbuzi, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa."

Aliniambia fundi huyo hakuwa na kipimo cha kamba wala mkaa wa kuchorea mstari kwanza. Alipima kwa upana wa kidole gumba chake. Nikatazama tena, na kweli: kidole, mstari, kidole, mstari.

Ngozi yetu nyeusi ina tabia ambayo mafundi wa zamani waliijua kabla ya madaktari kuipa jina. Ikikatwa, mara nyingi huponya kupita kiasi, kovu linainuka. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki fundi alinasa ngozi kwa ncha ya mwiba, akaiinua, akaikata kwa wembe pale ilipoinuka, na mara nyingine akasugua majivu ili kidonda kichelewe na kovu livimbe. Mwiba ulikuwa ndio kipimo: wembe haukuweza kwenda chini zaidi ya kile kilichonaswa. Hakuna mashine niliyoonyeshwa orofani pale yenye akili kuliko hiyo. Lakini kovu halina breki. Nimewaona mabinti ambao tundu la kipuli limeota kivimbe cha ukubwa wa kokwa la parachichi, na ukikikata kinarudi kikubwa zaidi. Mwenye vivimbe hivyo kwao, kwa mama au shangazi, asichorwe.

Waliofanya yote mawili, kukata na kutia rangi, ni Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Wapo wa kwetu pia: wazazi wao waliletwa Kwale kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wakaishi miaka mingi bila vitambulisho hadi walipoandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016 na serikali ikawakubali kuwa raia. Fundi wao alikata uso kwa kisu kidogo kiitwacho chipopo, akasugua masizi ya mbegu za mbarika ndani ya kidonda, na akarudia kazi hiyo mara kadhaa mpaka rangi ikakolea. Rangi yenyewe ni nyeusi, lakini ikishakaa chini ya ngozi huonekana ya samawati iliyokoza, kwa sababu ileile inayoifanya mishipa ya damu ionekane ya kijani mkononi. Mbarika ileile! Sisi tulikamua mafuta yake kwa masikio, wao wakachoma mbegu kwa nyuso.

Masizi yana siri ambayo ingeniokoa mimi na herufi yangu. Yule mtu wa barafuni aliyepatikana milima ya Alps mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ana tatuu 61, mistari na misalaba, na bado zinaonekana. Ni kaboni. Chembe za kaboni haziyeyuki. Seli za ulinzi wa mwili zinazimeza zikidhani ni adui, zinashindwa kuzisaga, zinabaki nazo tumboni. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zinapokufa, nyingine huja kuokota chembe zilezile mahali palepale. Alama inarithishwa ndani ya mwili wako mwenyewe. Mimi nilitumia wino wa kalamu ya kuchovya. Huo ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji, na damu ikausafirisha pole pole. Ningekwangua masizi ya koroboi, K ingekuwa K mpaka leo, na marehemu mume wangu, ambaye jina lake halikuanza na K, angepata la kuuliza.

Mistari mingi ya mtu yule wa barafuni iko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, viungo ambavyo kwake vilikuwa vimeanza kuharibika. Niliposoma hayo nilifikiria wazee niliowahudumia, ambao ukiwavua koti unakuta chale ndogo palepale panapouma, dawa imesuguliwa ndani. Hilo la watu wazima nilinyamazia. La watoto wachanga waliochanjwa kifua kwa sababu ya kukohoa, na mama akafika kliniki siku ya nne mtoto akiwa amebadilika rangi, sikuwahi kunyamaza.

Maana kitu kimoja wazee hawakuwa nacho, na sitawapamba kwa kuwasingizia. Wembe mmoja ulipita rika zima. Moto walikuwa nao, mafuta walikuwa nayo, lakini kidudu kisichoonekana hawakukijua. Wala sisi hatukuwa malaika. Nilianza kazi na mabomba ya kioo tuliyoyachemsha kwenye sufuria juu ya stovu, na sindano tulizozinoa kwa jiwe zilipokuwa butu, asubuhi hii kwa mtoto huyu, kesho kwa mwingine. Baadaye ikaja mashine ya mvuke wa nyuzi 121, na mwishoni sindano za kutumia mara moja na kutupa. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984. Homa ya ini ya B ilikuwepo kabla, na inapita kwa tone la damu ambalo jicho halilioni.

Mjukuu wangu alichorwa vilele vya Mlima Kenya, Batian, Nelion na Lenana, mstari mmoja usiokatika. Ilichukua dakika arobaini. Nilimwona fundi akipasua pakiti ya sindano, akimimina wino mpya katika kikombe kidogo, na alipomaliza, vyote viwili vikaenda kutupwa, hata wino uliobaki. Sindano zilikuwa zikiingia kwenye chupa ya soda yenye kifuniko. Jumatatu iliyofuata nilimpelekea kisanduku cha manjano cha hospitali, kile cha kadibodi ngumu.

Na wewe ukienda, iwe Nyeri, Nanyuki ama Embu, mwambie fundi apasue pakiti mbele ya macho yako na amimine wino ukiona. Akisema ameshaiandaa tayari, chukua koti lako ushuke ngazi.